Mpira wa Miguu Kasongo na Kabambare: Mapenzi ya Mchezaji na Deni la Ekipe

Mtu akiandika historia ya Kasongo, karibu kila mara anaanza na Tippu Tip na misafara ya pembe za ndovu, anapita kwa vita ya Dhanis, anafika kwa Wabelgiji na pamba yao, anamaliza na uhuru. Kabambare nayo inaandikwa vile vile, kama kituo tu cha njia ya kwenda Tanganyika. Hatukatai historia hiyo, ni yetu. Lakini kuna jambo ambalo linakusanya watu wetu siku ya Mungu mchana, Waislamu na Wakristo, wazee na watoto, bila kuitwa na mkubwa yeyote, na katika vitabu hivyo halina hata ukurasa mmoja. Ni mpira wa miguu.

Na ndani ya mpira wenyewe yuko mtu anayesahauliwa zaidi: mchezaji. Hatusemi juu ya wale wanaolipwa Ulaya au Lubumbashi. Tunasema juu ya mwalimu wa shule ya msingi, mchimba dhahabu, fundi wa kushona, kijana anayesukuma kinga yenye mizigo ya mafuta ya ngazi, mwanafunzi wa sekondari. Huyu anacheza bure. Anacheza juu anapenda. Swali letu ni fupi lakini linauma kidogo: mapenzi hayo yanamletea nini katika mwili wake na katika maisha yake, na ni nani aliyekuwa akimtunza, tangu zamani hadi leo?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, mpira ni kwanza ule utomvu wa mti na wa mtambaa wa porini, halafu ndiyo kile kitu cha mviringo ambacho watoto wanapiga teke. Ndugu zetu wa Kilingala nao wanalo neno ndembo, na lina njia mbili zile zile. Sasa msomaji akumbuke kwamba wakati wa Leopold, mahali pengi pa Kongo, mpira ulikuwa kodi. Watu walikimbia vijiji juu ya mpira, wengine walipoteza mikono na maisha juu ya mpira. Vizazi viwili tu baadaye, neno hilo hilo likawa la kuita watoto uwanjani. Lugha haina kumbukumbu ya uchungu kama sisi tunavyofikiri. Ama labda inayo, na imeamua kucheza.

Kabla ya balo kufika, watu wa huku hawakukaa mikono mitupu. Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, ilikuwa mji wa watu waliochanganyika: Wabangubangu, Wasonge, Wakusu, Wagenya wa mtoni, Wazimba, na juu yao waungwana waliotoka pwani ama waliojifanya wa pwani. Walileta mchele, wakaleta kanzu, wakaleta lugha. Dhanis aliteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893, na mwanzoni mwa 1894 ikafuata Kabambare. Lakini mipango ya watu kati yao haikutekwa. Kulimana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kuliendelea. Likilimba, ambamo kila mmoja anatoa na mmoja anapokea, iko hadi leo hata kati ya mama wanaouza samaki sokoni. Na ngoma pia zilikuwa na mpango wake.

Hapa inafaa tutaje Beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, mwisho wa karne ya 19, ikapita Tanganyika na askari na wapagazi wa vita ya kwanza, ikavuka hadi Kongo. Bwana Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Beni ilikuwa na Kingi wake, majenerali, makarani, nguo za namna moja, na pande mbili zinazoshindana katika mji mmoja. Watu walicheka na kusema ni kuigiza wazungu. Lakini mwanachama akigonjwa, wenzake walichanga, akifa, walimzika. Wabelgiji waliitazama kwa jicho la wasiwasi, kama walivyotazama kila chama cha watu weusi ambacho hawakukianzisha wao.

Anayeangalia ekipe ya mpira ya kwetu leo, na rais wake, makamu wake, mtunza sanduku, mshauri wa kwanza na wa pili, wazee wa heshima wasiojulikana kazi yao, na wapinzani wa mtaa wa pili, ataona uso wa Beni pale pale. Sisi tunaamini kwamba mpira wa Afrika ya Mashariki ulipandwa juu ya shina hilo. Bibi Laura Fair ameonyesha jambo linalofanana na hilo kwa Zanzibar ya wakati wa Waingereza, ambako klabu ya mpira ilikuwa pia mtaa, heshima na msaada. Yanga na Simba za Dar es Salaam, zilizozaliwa 1935 na 1936, nazo hazikuanza kama mahali pa kufanya pesa. Zilianza kama watu wanaojuana.

Balo yenyewe iliingia Kongo kwa milango mitatu: bwana mkubwa wa serikali, kampuni, na misioni. Kwa Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle, aliyefika huko mwaka 1917, alijaza mji wote na mashule na viwanja; uwanja ule mkubwa uliofunguliwa 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin leo unaitwa Tata Raphaël. Kwa Elisabethville, mapadri Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 ekipe ambayo baadaye dunia iliijua kama Englebert, na leo Mazembe. Nia yao haikufichwa. Kijana mweusi wa mji akicheza mpira jioni hataenda kunywa, hataenda kusikiliza maneno ya siasa, atalala mapema, kesho atakuja kazini na nguvu. Kwa macho ya mkoloni, hali njema ya mchezaji ilikuwa hali njema ya kazi.

Maniema ya kusini ilikuwa na sura yake. Mapadri Weupe walikuja Kasongo mwaka 1903, na mji ukapata baadaye vikarieti mwaka 1952, kisha jimbo mwaka 1959. Serikali ya Wabelgiji ilitoa msaada wa pesa kwa mashule ya misioni za Katoliki. Kwa Waislamu, ambao hapa Kasongo walikuwa wengi, haikutoa kitu. Wazazi wengi walikataa kupeleka watoto kwa padri, juu waliogopa watabatizwa. Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Kwa hiyo mtoto wa madrasa alikosa daftari, akakosa kazi ya karani, na pia alikosa kiwanja chenye magoli na balo ya ngozi. Alibaki na balo yake ya matambara na majani makavu ya migomba, iliyofungwa kwa kamba, ama ile ya utomvu ambayo ikianguka inaruka pembeni kama chura.

Watu wanapenda kusema mpira uliletwa na mapadri. Ni kweli kwa balo ya ngozi na kipenga. Lakini ule mpira uliokaa katika damu ya mji, mpira wa njiani, hakuuleta mtu. Na wakati mtoto wa misioni na mtoto wa madrasa walipokutana kwenye uwanja wa vumbi, hapo ndipo walipojifunza kupeana kitu bila kuulizana dini. Mashule mengine ya heshima hayakuwapa nafasi hiyo.

Nje ya mji kulikuwa na pamba. Sheria ya mwaka 1917 ilimlazimisha mkulima kulima alichoamriwa, hadi siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza za Kongo kuonja pamba hiyo. Upande wa Kalima na Kampene ilikuja kasiteriti, upande wa Namoya, katika Kabambare, dhahabu. Hii inaeleza kwa nini wachezaji wa wakati ule hawakuwa na hali moja. Mfanyakazi wa kampuni alikuwa na posho, nyumba ya kampi, dispensari ya kampuni. Akivunjika mguu uwanjani, kampuni ilikuwa na haja na mguu ule siku ya kwanza ya juma. Mkulima wa pamba akivunjika, alirudi kwa mkunga wa mifupa wa kijiji, na pamba yake ilimngoja pale pale. Wote wawili walicheza kwa mapenzi, lakini mmoja tu alikuwa na mtu wa kuhesabu maumivu yake.

Na miguu ile ilikuwa mitupu. Ng'ambo ya mto, kwa Brazzaville, mwaka 1936 wakubwa wa Kifaransa waliamua kwamba wachezaji weusi wacheze bila viatu. Wachezaji walikasirika, maana wengi walikwisha kujinunulia viatu kwa pesa yao. Hadithi hii tunaipenda juu inaonyesha kwamba viatu havikuwa mambo ya vidole tu. Mtu aliyenyimwa viatu alikuwa anaambiwa yeye ni nani.

Kama mkoloni alifikiri mpira utalaza watu, alijidanganya. Tarehe 4 Januari 1959, siku ya Mungu, Léopoldville ilipoanza kuwaka, watu waliotoka kutazama mechi katika uwanja wa Mfalme Baudouin walikutana na wale wa Abako walionyimwa mkutano wao. Mwaka na nusu baadaye nchi ilikuwa na uhuru.

Ya miaka iliyofuata tutapita haraka, maana wengi wanayajua. Mwaka 1964 Simba walipita Kabambare na Kasongo, na wakati huo hakuna aliyefikiri balo. Nchi ilipotulia, furaha ilikuja kwa radio: Englebert bingwa wa Afrika 1967 na 1968, taifa bingwa wa Afrika 1968 kule Addis Ababa, na tena 1974 kule Misri. Mwaka huo wa 1974 Zaire ilikwenda Kombe la Dunia, ya kwanza kutoka Afrika ya weusi. Ilipigwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Mechi ya pili hiyo bado inatuuma, ingawa leo tunajua kwamba wachezaji walikuwa wanagombana na wakubwa juu ya pesa walizoahidiwa na ambazo hazikuonekana.

Tumtaje Ndaye Mulamba. Katika Kombe la Afrika la 1974 alifunga magoli 9, na hadi leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika mashindano mamoja. Mwaka 1994 alialikwa Tunis kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, wezi wenye bunduki walimpiga risasi ya mguu, juu walifikiri amerudi na pesa. Alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko maisha ya shida, akafa mwaka 2019. Kama shujaa wa taifa zima aliweza kuachwa hivyo, msomaji afikiri mwenyewe juu ya beki wa kushoto wa ekipe ya mtaa wa Kasongo ambaye goti lake limekufa.

Inatupasa kusema ukweli wa upande mwingine pia. Miaka ile ile ya 1970, Kasongo ilijulikana na waganga wa dunia nzima, na si kwa mpira. Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp ilifanya hapa kazi iliyoitwa Projet Kasongo: hospitali moja, vituo vya afya vinavyoizunguka, watu wenyewe wakiwa na sauti. Uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua uliandikwa mwaka 1981 katika gazeti kubwa la waganga, The Lancet, na mawazo yaliyojaribiwa hapa yalisaidia kujenga zile zone za afya ambazo nchi nzima inazo hadi leo. Tunajivunia jambo hili kidogo mno. Watoto waliopata chanjo hizo ndio waliokua wakawa wachezaji wa miaka ya 1980 na 1990. Afya ya mchezaji haianzii kwenye kifua cha miaka 20, inaanzia kwenye mkono wa mama aliyembeba kwenda kwa kituo.

Halafu vita. Vile ya 1996 ilipita, ile ya 1998 ikakaa. Kindu ilishikwa na waasi Oktoba 1998, na miaka mingine karibu mitano Maniema ilikatwa vipande: mji ulikuwa wa mwenye bunduki mmoja, pori la mwenye bunduki mwingine. Njia ya Kasongo na Kabambare ikarudiwa na majani. Kinga zikawa gari la mizigo, dukani na hospitali pamoja. Katika hali kama ile kijana mwenye pumzi na miguu mizuri alikuwa na thamani kwa kila mkubwa wa vita, na hiyo ni thamani ambayo mzazi hataki mtoto wake awe nayo. Sasa tuulize: kwa nini vijana walicheza hata wakati ule, pale nafasi ilipopatikana? Jibu letu ni kwamba mtu aliye ndani ya ekipe anajulikana mahali alipo saa kumi ya jioni. Mama yake anajua, wenzake wanajua, na asipofika wanakwenda kumtafuta. Huo ulikuwa ulinzi, mdogo ndiyo, lakini ulikuwepo.

Kwa Kabambare, jambo hilo halijaisha. Namoya, karibu na Salamabila, kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu kwa njia ya kiwanda mwaka 2016, na Septemba 2019 ikasimamisha kazi juu ya usalama. Katikati ya miaka hiyo Malaika, wenye silaha, walipigana na serikali wakidai haki ya wenyeji juu ya mali ile, na watu wengi walikimbia vijiji. Kijana wa huko ana milango mitatu mbele yake: shimo la dhahabu, pori, na shule isiyo na mlimu aliyelipwa. Kiwanja si mlango wa nne, tusijidanganye, hakilishi mtu. Lakini ndicho mahali ambapo anayetoka shimoni na anayetoka shuleni bado wanacheza upande mmoja.

Sasa tuje kwa mapenzi yenyewe. Mtaalamu mmoja wa Kanada, Robert Vallerand, na wenzake waliandika mwaka 2003 kwamba mapenzi ya mtu kwa kazi ama mchezo yana namna mbili. Iko ile inayokaa kwa amani pamoja na mambo mengine ya maisha: mtu anacheza, anafurahi, anarudi nyumbani, analima, anasali. Na iko ile inayomshika mtu shingo: hawezi kuacha, akikosa mechi anaugua moyo, anacheza na mguu uliovimba. Wazee wetu hawakusoma Vallerand, lakini tofauti hiyo waliijua. Walisema huyu anapenda mpira, na yule ameliwa na mpira.

Aliyeliwa na mpira tunamjua wote. Ana miaka 24, mke mmoja, watoto wawili. Jumatano hakwenda shambani juu kuna mazoezi. Jumamosi hakwenda juu wanalala kambini. Jumatatu hakwenda juu mwili wote unamuuma. Mchele haupandwi na magoli. Mke wake ananyamaza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anakwenda kwa wazazi. Na ekipe, iliyochukua siku hizo zote, haikujua hata kama nyumbani kwake kuna sombe. Hapa ndipo tunaona neno kujitoa linavyotumiwa vibaya. Viongozi wetu wanapenda kuuliza mchezaji amejitoa kiasi gani kwa ekipe. Hatujasikia mara nyingi wakiuliza ekipe imejitoa kiasi gani kwake.

Mwili pia una hesabu yake. Mchezaji wetu anakula mara moja kwa siku, ama mbili: bukari ama wali, sombe, samaki wa Lualaba akipatikana. Anacheza saa tisa, jua bado kali, kwenye ardhi ngumu wakati wa kiangazi na kwenye matope wakati wa mvua. Malaria inampiga mara kadhaa kwa mwaka, na wengi wanacheza homa ikiwa haijatoka vizuri. Wakati wa Ramadhani, kwa Kasongo, nusu ya ekipe imefunga na nusu haijafunga. Viongozi wenye akili wanasogeza mchezo karibu na magharibi, ili anayefunga asikae saa nyingi bila maji baada ya kukimbia. Hilo ni jambo zuri la kwetu, halikuandikwa na shirikisho lolote.

Kuhusu maumivu, tuko na mafundi wa mifupa wenye mikono ya ajabu, na hatutawadharau. Anajua kupapasa, kunyoosha, kufunga kwa vijiti vya mwanzi. Lakini goti lililochanika ndani si mfupa, na kichwa kilichogongwa hadi mtu anatapika si kazi ya mafuta ya ngazi. Huyo apelekwe kwa munganga wa hospitali siku hiyo hiyo. Tarehe 26 Juni 2003, kule Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroun alianguka katikati ya mechi, hakuna aliyemgusa, akafa. Moyo wake ulikuwa na kasoro. Alikuwa mchezaji wa Ulaya, mwenye waganga pembeni. Kwetu, kijana anayesema kifua kinambana wakati wa kukimbia mara nyingi anaambiwa ni mvivu.

Liko jambo la bei ya bure ambalo lingesaidia. Miaka ya 2000, waganga wa FIFA walitengeneza mazoezi ya kupasha mwili moto wanayoyaita 11+. Yanachukua dakika 20 hivi, hayataki chombo chochote isipokuwa balo na kiwanja. Huko Norway yalijaribiwa kwa wasichana wa klabu nyingi, na mwaka 2008 ikaandikwa kwamba walioyafuata waliumia karibu theluthi moja chini ya wengine. Kwetu, dakika hizo 20 za kabla ya mechi zinatumiwa kwa dawa. Hatutaki kucheka mila hapa, kijitabu chetu ni cha mila. Dawa ya mechi inatuliza moyo, inawaunganisha watu, na tumeona wachezaji waoga wakitoka humo kama simba. Lakini tumeona pia mchango wa dawa unapatikana kwa usiku mmoja, na mchango wa bandeji unakaa juma tatu haujafika nusu. Mzee mwenye dawa analipwa mbele. Mchezaji aliyeteguka analipwa pole.

Wako tena wale wanaokuja wakati wa uchaguzi. Wanaleta maglovu, jezi zenye uso wa mtu kifuani, balo mbili mpya, mbuzi. Hatuwalaumu wachezaji kupokea. Mtu akiwa na njaa ya jezi anavaa. Ila jezi hizo zimetufundisha vijana wetu jambo baya, kwamba ekipe ni mali ya anayeleta, wakati zamani ilikuwa mali ya wanaochanga. Ekipe iliyonunuliwa kwa mbuzi inakufa mbuzi akikwisha. Watu wa Kindu wametupa furaha kubwa kwa AS Maniema Union, ambayo katika msimu wa 2024-2025 ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR, na tulikaa karibu na radio kama watoto. Lakini ndiyo kusema mlima huo unapandwa na pesa kubwa. Serkle za mpira za teritwari zetu, chini kabisa ya ngazi ya shirikisho, haziwezi kungoja pesa hiyo ishuke.

Kumbe kilichobaki na nguvu ni kile cha zamani. Tunazijua ekipe ambazo kila mchezaji na kila mzee anatoa kidogo kila juma, franga mia chache, na sanduku lina funguo mbili zinazokaa kwa watu wawili wasiopendana sana. Kutoka humo kunatoka dawa ya malaria, sanda ya maiti, sukari ya mama aliyejifungua mtoto wa mchezaji. Tunazijua zinazopeleka wachezaji wote siku moja shambani kwa mwenzao aliyevunjika, wanamalizia palizi yake kabla ya mazoezi. Hakuna aliyewafundisha, ni kule kulimana kwa zamu, kumevaa jezi. Ukiuliza wanaitaje jambo hilo, hawana jina. Wanasema tu, tunakwenda kwa fulani.

Wasichana nao wameanza kucheza, na wanacheza vizuri kuliko wanavyosemwa. Kwao maswali haya yote ni mara mbili: shamba, maji, mtoto mgongoni, maneno ya majirani. Jambo hilo lingetaka maandiko yake peke yake, na tungependa yaandikwe na mmoja wao.

Na liko la wageni. Ekipe ya Kabambare ikija Kasongo, ama ya Kasongo ikienda Kabambare, hakuna hoteli na hakuna basi. Wachezaji wanafika kwa kinga na kwa pikipiki, wamejaa vumbi jekundu, wengine wamelala njiani. Jioni kabla ya mechi wanagawanywa kwa nyumba za watu: wawili kwa mama huyu, watatu kwa mwalimu yule. Mara nyingi yule utakayemkaba kesho ndiye anayelala kwenu, juu ya mkeka wako, na mama yako anamwekea maji ya moto ya kuoga na sahani ya wali na sombe iliyojaa kuliko yako. Mtu asiye wa kwetu anashangaa. Anauliza kama hatuogopi kumpa mpinzani nguvu. Mama anamjibu kwamba mtoto wa mtu amekuja kwa miguu, ale kwanza, mambo ya magoli ni ya kesho saa tisa.